Michai ya Manjano

"Mbona michai ya huku bondeni imegeuka manjano?" mkufunzi aliuliza.

Walimu waliokuja kujifunza kufundishia nje ya darasa walitazamana. Bonareri, mwalimu wa sayansi, akainamia daftari lake.

Mama mmoja mchuma chai ndiye aliyejibu. "Hapo maji hutuama, mwalimu. Mizizi haipumui." Akafukua shinani, akawaonyesha mizizi iliyooza.

Bonareri alimtambua. Ijumaa iliyopita, kwenye mkutano wa wazazi shuleni, Bonareri alikuwa amemwambia mama huyo mbele ya wenzake: "Mtoto wako atajulia wapi sayansi, na kwenu hakuna anayejua kitu?"

Mama akajipangusa udongo, akamjia Bonareri na kumnyooshea mkono. "Mwalimu, nimejibu vizuri?"

Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa chai. Bonareri akaupokea mkono ule kwa mikono miwili, asiweze kuinua macho.