Uji wa Mjukuu

Kuku wote wa banda la ujamaa pale Rujewa walikwisha kuchomwa, yakabaki mayai. Bwana mifugo alisimama kando ya shimo, leso puani.

"Na hayo pia, mama. Tia yote."

Nyamizi, mtunza kuku wa kijiji, alibaki na yai moja kiganjani. Lilikuwa na joto bado, na unyoya mmoja umegandia kwenye ganda.

"Hili limetagwa leo, bwana mifugo. Lina kosa gani?"

"Ugonjwa umo humo ndani, ganda lisikudanganye. Likichemka sana, afadhali. Lakini bichi, kwa mtoto mdogo, ni homa na kuhara mpaka kaburini."

Moshi ulimpiga Nyamizi usoni, asifumbe macho.

Mjukuu wake alikuwa ametoka kuugua surua, amebaki mifupa, kila chakula anakikataa. Asubuhi hiyo Nyamizi aliuepua uji, akangoja upoe, ndipo akapasulia yai la banda hilo ndani yake na kukoroga, kama mama yake alivyomfanyia yeye utotoni. Mtoto apate nguvu.

"Mama! Mama wee!"

Mke wa mwanawe alikuwa anakuja mbio kwenye kingo za majaruba ya mpunga, bakuli mkononi, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Kala, mama! Mwenyewe kashika bakuli!"

Akaligeuza juu chini mbele yao, waone.

Halikudondoka hata tone.