Chewa wa Mzee Vuai

Mzee Vuai alizama na bunduki yake ya mshale hadi kwenye pango la chini ya bahari ambalo zamani lilikuwa na samaki saba aina ya chewa. Kwa siku ya nne alimkuta mmoja yule yule, tumbo limejaa mayai. Walitazamana mpaka pumzi ikakaribia kumwishia, akapanda juu bila kupiga.

Ufukweni, wazamiaji wenzake waliona mikono mitupu.

"Siku ya nne unakosa!" Shaame alimcheka. "Nunua miwani, babu."

"Nimekosa," alikubali, yeye ambaye sifa yake yote ilikuwa shabaha. Angesema kweli, kesho wangelifuata pango na kumpiga chewa.

Nyumbani alipika wali wa mtu mmoja, akaula mkavu.

Kesho yake alizama tena na bunduki, wasije wakamshuku, mpira wa kurushia mshale ukiwa haujavutwa. Akasubiri mlangoni mwa pango, kivuli cha chewa kisogee ndani.