Dawa ya Upele

Saumu alirudi kutoka zahanati na chupa ya dawa ya upele. Nesi alisisitiza mumewe naye apake, la sivyo wangeambukizana tena.

"Mimi wangu ulishapona wenyewe," alisema Shomari. "Geuka nikupake."

Alianzia shingoni, akashuka taratibu hadi nyayo. Akarudi katikati ya vidole na chini ya kucha, wala kitovu hakukisahau, kisha akaurudia mgongo.

"Itachoma kidogo, vumilia. Na usioge mpaka kesho."

Saumu hakuwa amemweleza hata moja kati ya hayo.

"Baba Nasra," aliuliza bila kugeuka, "ulikuwa unampaka nani?"

Kiganja cha Shomari kiliganda mgongoni mwake, na dawa ikaendelea kutiririka ubavuni.