Udi wa Mwingine

Mwanasiti alinusa kijiti cha kwanza cha udi, akatikisa kichwa. Cha pili kikamkereketa kooni. Bi Zena, muuza udi, akawasha cha tatu, na Mwanasiti akafumba macho. Ndiyo harufu ambayo kanzu ya mumewe hurudi nayo kila akitoka safari.

"Nifungie hiki, Bi Zena."

"Hicho siuzi, mwanangu. Ni mchanganyiko wa bibi harusi mmoja tu. Mumewe mwenyewe ndiye aliyeuchagua, mchana kutwa ananusa hapo hapo ulipokaa."

"Basi nipe hicho kinachowaka."

Akakibeba mpaka nyumbani, amekikinga upepo kwa kiganja. Chumbani akaitundika kanzu safi ya mumewe, akaifukiza shingoni hadi pindoni, kisha akaketi kitandani kumngoja aje aivae.