Kinu cha Kutwangia Sufu

Safta alifika mtoni na kitambaa cha sufu begani, kile alichokifuma marehemu mama yake. Alikuta mawe matupu. Gurudumu lililozungushwa na maji na michi ya mti iliyokuwa ikitwanga sufu ya kijiji kizima vilikuwa vimechukuliwa na mafuriko, pamoja na mwenye kinu.

Mjane wake alikuwa amekaa mlangoni, ameupa mto mgongo.

"Umechelewa, mwanangu. Hakuna wa kukutwangia."

"Kisipotwangwa nyuzi zikashikana, mama, ni wavu tu. Na theluji hiyo inakuja."

Mjane alikipapasa kitambaa kwa vidole. Halafu akavua viatu, nyayo zake nyeupe kama jibini, akashuka nacho majini. Tangu msiba hakuwa ameugusa mto ule.

"Unanitazama nini? Vua! Au miguu yako ni ya kuchezea harusini tu?"

Wakakikanyaga pamoja, maji ya baridi yakiwafika magotini. Polepole mjane akaanza kuguna kwa kila hatua: du, du, du.

"Unaimba, mama?"

"Ndivyo kinu kilivyokuwa kikilia. Kikinyamaza, mume wangu alikuwa hapati usingizi," alisema, akazidi kukanyaga.