Mbegu za Bi Nunuu

Bi Mwanakheri alitoka uani kuchuma pilipili mbuzi za kutia kwenye mchuzi wa samaki, akaukuta mche umenyauka wote, na jana tu aliumwagilia maji. Akaketi kizingitini.

“Inna lillahi,” akasema. “Nunuu katutoka.”

“Labda ni wadudu, mama,” akasema Radhia, binti yake aliyekuja kumtembelea.

“Wadudu gani hao? Hebu chungulia kwa jirani.”

Radhia akachungulia. Kwa jirani nako pilipili zilikuwa zimelala, na nyumba ya tatu vilevile. Mtaa mzima ulipanda mbegu za Bi Nunuu, ambaye hakuwahi kubisha hodi kwa mtu bila punje chache kwenye pindo la kanga. Na siku hizi mbegu huishi na aliyeianika: mwenyewe akifa, kila mche wake hufa naye, popote ulipo. Simu ya msiba ilipoita, mtaa ulikuwa tayari unalia.

Walipokuwa wakijitanda kwenda msibani, Bi Mwanakheri alikohoa kile kikohozi chake cha tangu masika, akafungua pindo lake, akamwekea bintiye mbegu kiganjani.

“Zangu hizi, nimezianika mwenyewe. Kapande kwako.”

Radhia akazirudisha pindoni, akalifunga fundo polepole.

“Kwangu hakuna nafasi, mama.”

Alikuwa na ua mpana, tena mtupu. Hakutaka tu kuamka kila asubuhi akiogopa kuutazama.