Mharage Ulioombewa

"Haki ya Mungu tena, Mungu hayupo!"

Demetria aliruka uwani mpaka kanga ikamdondoka, akabaki na kaptula. Mama yake akaacha kumenya ndizi.

"Umeapa kwa nani?"

"Aa, mama, hiyo lugha tu! Njoo uone. Njoo bwana!"

Nyuma ya nyumba yao, Temeke, makopo mawili ya maziwa yalikaa dirishani. Kila kopo mharage mmoja. Udongo uleule, jua lilelile, maji sawasawa. Wa kushoto mama aliuombea kila siku, rozari mkononi. Wa kulia hauombewi na mtu. Sayansi ndo inavyokwenda, Demetria alisema, na yeye ndo anayesoma baiolojia chuoni, nani ambishie?

Wakawekeana masharti. Wa kushoto ukishinda, Demetria atasimama mbele ya jumuiya nzima awaombe radhi kwa kusema Mungu ni stori. Ukishindwa, mama hatamwamsha tena kwenda misa. Tangu baba afariki, mama hajawahi kukaa peke yake kwenye lile benchi lao kanisani.

Na sasa wa kulia huo, umejisokota kwenye nondo za dirisha unapanda tu! Wa kushoto umelala chali, majani yameungua pembeni.

Demetria aliinama, akaona chembe nyeupe juu ya udongo. Akaangua kicheko.

"Jamani! Mpaka chumvi ya baraka umetia? Na bado umekufa!"

Mama hakucheka. Alikuwa anamtazama miguuni.

"Magoti yako mbona yana vumbi?"

"Nilikuwa nadeki."

"Unadeki kwa vumbi?"

"Mama, usihamishe mada. Umeshindwa, kubali."

"Nimekubali." Mama alikaa kwenye kigoda, uso chini. "Ila hiyo sio chumvi, mwanangu. Ni mbolea, yuria. Nimeipata kwa Mzee Mwinshehe, yule wa bustani ya mchicha. Niliona wangu umedumaa, nikaogopa Mungu ataniangusha. Nikatia kiganja kizima. Nimeuunguza mwenyewe." Akajifuta pua kwa ncha ya kanga. "Kusali kote huku, halafu kopo moja tu la maharage, nikamtilia mashaka."

Kicheko kilimkauka Demetria. Ushahidi wote aliokuwa akautangaze chuoni, kwisha habari yake.

"Na wewe wako uliutia nini?" mama aliuliza.

"Maji tu."

"Na hayo magoti?"

Demetria aliokota kanga yake haraka, akayafunika. Alishindwa kumtazama mama yake, alishindwa hata kuutazama mharage wake.

"Kila alfajiri nilikuwa naomba nishinde," alinong'ona. "Nilikuwa namwomba nani, mama, nitakwambia kesho."